Jamvi Chini ya Barabara

Msafiri atokaye Goma, nchini Kongo, kuelekea magharibi hupita kwanza juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na milima ya moto, na katika kilomita zipatazo 25 za mwanzo, mpaka Sake, gurudumu la gari lake halina hofu ya kuzama, kwa kuwa lililo chini yake aghalabu ni jiwe tupu, tena jiwe ambalo sehemu yake ilishuka kutoka mlima Nyamulagira baina ya miaka 1938 na 1940, ikateremka hata ikaingia katika maji ya Ziwa Kivu. Lakini akishaiacha Sake nyuma yake na kuanza kuipanda milima ya Masisi, yenye vilele vinavyopita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ardhi hubadili tabia. Jiwe hujificha, na mahali pake hukaa udongo mnene, mwororo, uliolimbika kwa karne nyingi kutokana na majivu ya volkano na majani yaliyooza; na akiendelea kushuka upande wa pili, kupita Nyabiondo mpaka misitu ya Walikale, nchi iliyo chini sana kuliko milima ile, hukuta mfinyanzi, vinamasi na vijito visivyo na idadi vinavyokwenda kumimina maji yao katika mto Lowa.

Wilaya hizi mbili, Masisi na Walikale, au teritwari kama wenyeji wazitajavyo, si nchi ndogo. Walikale peke yake ina kilomita za mraba 23,475, nazo ni karibu sehemu mbili kwa tano za jimbo zima la Kivu ya Kaskazini. Na Masisi, ingawa kwa ukubwa ni kama sehemu moja kwa tano ya jirani yake, ndiyo ghala ya maziwa, jibini, maharagwe na viazi ya mji wa Goma. Neema iliyomo katika ardhi hizi ni dhahiri kwa kila mwenye macho. Lakini neema isiyofika sokoni humwozea mwenyewe mkononi, na kinachoizuia kufika sokoni, ukiacha vita vilivyowaadhibu watu wa huko kwa zaidi ya miaka 30, ni matope, ambayo wao huyaita potopoto, na kwa kweli neno lenyewe ukilitamka hulisikia gurudumu likizama.

Tazama jambo lililo desturi kutokea katika msimu wa mvua, na mvua huko, isipokuwa kwa muda mfupi wa kiangazi katikati ya mwaka, hainyamazi. Lori aina ya Fuso, lililosheheni maharagwe na viazi, limezama hata ekseli. Hamali wamekwisha kuupakua mzigo na kuupanga ukingoni. Dereva ameketi juu ya kiroba akiitazama mbingu. Motari wawili wanapita pembeni, wakisukuma pikipiki zao katika tope linalowafika magotini. Na vijana wa kijiji kilicho karibu, majembe mabegani, wanapatana na dereva ujira wa kulitoa. Ujira ukiisha kupatanwa, hukata matawi, hukusanya mawe kwa mabeseni, wakayatupa yote katika shimo lile mbele ya magurudumu. Injini ikanguruma, watu wakasukuma kwa mpigo mmoja, na lori likachomoka huku likiwarushia tope wale wale waliolisaidia. Kesho yake asubuhi huja lori la pili. Na mawe yale ya jana, ambayo kwa wingi wake mtu angedhani yangetosha msingi wa nyumba, hayaonekani hata moja.

Yamekwenda wapi? Swali hili ni dogo kwa kulisikia, lakini ndani yake imo sayansi yote ya kupitisha njia juu ya ardhi laini, na atakayelipatia jawabu sawasawa amekwisha kuifahamu nusu ya kazi ya muhandisi.

Mahali yanapokwenda mawe

Chukua bonge la udongo wa mfinyanzi ulioshiba maji, uliweke kiganjani, kisha ulifumbate kwa nguvu. Tope litapenya baina ya vidole na kutokea nje, na kadiri ufumbatavyo ndivyo litokavyo. Sasa fikiri kuwa vidole vyako ni mawe yaliyotupwa shimoni na nguvu ya mkono wako ni uzito wa lori: jiwe hushuka, na tope hupanda kupita katika nafasi zilizo baina ya jiwe na jiwe, mpaka vitu viwili vilivyokuwa mbalimbali vimekuwa kitu kimoja, na kitu hicho si changarawe tena bali ni tope lenye mawe ndani yake.

Sababu ya udhaifu huu ni maji. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, na maji yaliyojificha baina yake hayana njia ya kutoka upesi. Basi gurudumu linapokanyaga kwa ghafula, uzito wake hupokewa na maji kabla ya kupokewa na chembe, na maji hayajui kusimama, bali hukimbilia upande ulio mwepesi na kuuvuta udongo pamoja nayo. Ardhi hiyo hiyo ikipewa muda na njia ya kuyatoa maji yake polepole, chembe zitakaribiana, zitashikana, na nguvu yake itaongezeka mwaka hata mwaka. Jambo hili inafaa tulishike, kwa kuwa tutalihitaji mbele.

Dawa za wahandisi, hata zikiwa na majina mengi, zote hurejea katika mambo manne: kuutenga udongo laini usichanganyike na mawe, kuutandaza mzigo juu ya eneo pana, kuupunguza uzito wa njia yenyewe, na kuutia udongo nguvu usiokuwa nayo. Katika hayo, la kutandaza mzigo si geni kwa mtu wa Kivu hata kidogo. Mwanamke wa Masisi abebaye kuni au viazi mgongoni huushikilia mzigo wake kwa ukanda unaopita juu ya kipaji cha uso, na ukanda ule, hapo unapogusa ngozi, sharti uwe mpana. Ungekuwa kamba nyembamba ungemchuna kabla hajafika nusu ya safari, ilhali mzigo ni ule ule na haukuongezeka hata ratili moja. Ardhi laini nayo ni kama kipaji kile: yaweza kuhimili mzigo mkubwa ikiwekewa ukanda mpana, na hukatika kwa mzigo mdogo uliowekwa juu ya kamba.

Magogo na sheria ya kuoza

Ukanda wa kwanza ambao wanadamu waliutumia ulikuwa mti. Katika vinamasi vya Somerset, nchini Uingereza, ilifukuliwa mwaka 1970 njia ya mbao iliyojengwa na wakulima wa zamani, na wataalamu walipozisoma pete za miti yake waliona kuwa ilikatwa mwaka 3807 au 3806 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Katika nchi hiyo hiyo, John Metcalf wa Knaresborough, aliyezaliwa mwaka 1717 na kupofuka angali mtoto, alipitisha barabara juu ya vinamasi vilivyowashinda wenye macho, kwa kutandika matita ya vichaka kisha kuyafunika kwa mawe na changarawe. Na George Stephenson, alipojenga reli ya Liverpool na Manchester iliyofunguliwa mwaka 1830, alikutana na kinamasi cha Chat Moss, ambacho kwa siku nyingi kilimezeshwa udongo na hakikushiba, kama vile shimo la vijana wetu lisivyoshiba mawe. Naye alipobadili shauri na kuielekeza reli juu ya majamvi ya matawi na vichaka vilivyosukwa, kinamasi kilikubali, na treni hupita hapo mpaka leo.

Madereva na wanakijiji wa Walikale hutumia hekima hiyo hiyo walazapo magogo kukingama njia, na hapana haki ya kuwadharau kwa hilo. Ila magogo yao huoza upesi, na wengi hudhani kuwa maji ndiyo yaozeshayo. Sivyo. Kinachoozesha mti ni maji na hewa vikikutana, kwa sababu viumbe vidogo vilavyo mti huhitaji vyote viwili. Mti uliozikwa chini ya maji daima, mahali hewa isipofika, hudumu muda mrefu ajabu, na hiyo ndiyo siri ya ile njia ya Somerset kuonekana baada ya miaka karibu 5,800. Kwa hiyo gogo lililowekwa juu kabisa, likaloa asubuhi na kukauka adhuhuri, halina umri. Na gogo lililoshushwa mpaka katika maji yasiyokauka, kisha likafunikwa kwa udongo na changarawe, litaishi kuliko aliyeliweka. Sheria hii ni moja kwa magogo na kwa mianzi ya milimani, ambayo ikipasuliwa na kusukwa hufanya jamvi jepesi lenye nguvu, lakini ikiachwa wazi huliwa na wadudu na kuoza kwa miaka michache.

Huna budi hata hivyo kuuliza gogo limetoka wapi. Msitu wa Walikale unapakana na kuchangamana na hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia tangu mwaka 1980, na barabara inayotengenezwa kwa kuumaliza msitu imeanza kwa hasara. Aula ni kutumia mikalitusi iliyopandwa kwa mikono ya watu katika vilima vya Masisi, inayokua upesi na kuchipua tena baada ya kukatwa, na miti ya msituni ikaachwa isimame.

Kifumbu cha nazi na uzi wa usumba

Baada ya mti huja kitambaa. Mwaka 1926, katika jimbo la South Carolina, Marekani, idara ya barabara ilijaribu kutandika kitambaa kizito cha pamba katika barabara, na barabara zile zikastahimili vizuri mpaka pamba ilipochakaa. Waholanzi nao, baada ya gharika ya Februari 1953 iliyowaulia watu wengi, walianza kufuma kwa nyuzi za kiwandani majamvi ambayo zamani waliyasuka kwa fito za mierebi. Na tangu hapo kitambaa cha chini ya barabara kimeenea duniani kote.

Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu ili afahamu kazi yake, kwa maana kila jiko la pwani lina kifumbu cha kuchujia tui. Nazi iliyokunwa hutiwa ndani, ikakamuliwa. Tui likapita, chicha likabaki. Kitambaa cha barabarani ni kifumbu kilichokunjuliwa: huyaacha maji ya ardhini yapande na kutoka, lakini huzuia chembe za mfinyanzi zisipande pamoja nayo, na huzuia mawe yaliyo juu yasishuke. Kwa kazi hii moja, mzigo wa mawe ambao ungemezwa kwa siku moja hubaki mahali pake, na gharama ya kitambaa hulipwa na mawe yasiyopotea.

Taabu ni kwamba kitambaa cha kiwandani hufika Masisi baada ya kupita bahari, bandari, mipaka na maghala, na bei yake hupanda kila kituo. Ndipo nyuzi za asili zinapostahili kutazamwa kwa jicho jipya. Katika jimbo la Kerala, India, majamvi ya usumba hutandikwa chini ya barabara za vijijini, na mwenye shaka kuhusu uvumilivu wa uzi huo na aende akawatazame wanawake wa Zanzibar. Wao huyafukia makumbi ya nazi katika tope la ufukweni, maji ya bahari yakapanda na kushuka juu yake kwa miezi mingi. Na siku ya kuyafukua, nyama yote laini imeoza, nazo nyuzi zimebaki salama, tayari kusokotwa kamba. Uzi uliopita mtihani huo hauogopi potopoto. Mkonge, ambao Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, ni mgumu kwa kuvutwa, lakini katika unyevu huoza upesi kuliko usumba.

Msomaji atasema: ikiwa uzi wa asili utaoza mwishowe, faida yake ni nini? Hapa ndipo tunapolihitaji lile tulilolishika. Ardhi laini iliyobebeshwa mzigo kwa utaratibu, huku maji yake yakipewa njia, hukamuka na kukaza mwaka hata mwaka. Na jamvi lililoitunza katika miaka ile ya udhaifu limekwisha kutimiza wajibu wake pale linapoanza kuchakaa. Gango la mti hufungwa katika mguu uliovunjika mpaka mfupa uunge, na baadaye hufunguliwa.

Gunia lililojaa udongo

Lakini katika vifaa vyote, kilicho karibu zaidi na mkono wa mtu wa Masisi na Walikale ni gunia. Hakuna duka, soko wala mgodi usiokuwa na viroba vitupu vilivyoisha kazi. Huko Bisie, katika Walikale, ambako kasiteriti, yaani mawe ya bati, ilianza kuchimbwa na wachimbaji wadogo mwanzoni mwa karne hii, hamali walibeba magunia ya kilo 50 migongoni, wakayapitisha katika msitu na tope kwa mwendo wa kutwa na zaidi, kwa sababu hapakuwa na njia ambayo gurudumu lingepita. Gunia lile lile lililobebwa juu ya tope laweza kuwekwa chini na kulibeba gari.

Wajapani wanalo jina la gunia la udongo, do-nou, na Profesa Makoto Kimura wa Chuo Kikuu cha Kyoto alilifanya kuwa mbinu ya kutengeneza barabara za vijijini pasipo mashine kubwa. Jumuiya aliyoiasisi imewafundisha wakulima na vijana wa Kenya na nchi nyingine, na Shirika la Kazi Duniani limeitumia mbinu hiyo nchini Kenya katika kuwapatia vijana ufundi na ujira. Kazi yenyewe yaonekana nyepesi, lakini ina adabu zake, na asiyezifuata atailaumu mbinu kwa kosa lake mwenyewe.

Kwanza tope jepesi la juu huchotwa na maji ya shimoni hufunguliwa njia, kisha sakafu ya shimo husawazishwa. Magunia hujazwa kwa kipimo kimoja, ndoo kwa ndoo, ili yalingane unene, wala hayajazwi mpaka yakavimba, kwa kuwa gunia lililovimba halilali. Udongo wa kujazia ni mchanga, changarawe au moramu, si mfinyanzi ule ule ulioleta maradhi. Mdomo hufungwa kwa kamba, ukakunjwa chini ya gunia lenyewe, na magunia hupangwa safu kwa safu yakigusana kama matofali, kisha watu wawili hushika gogo zito la kushindilia, wakaligonga kila moja mpaka liwe bapa kama mto uliolaliwa. Juu yake hupangwa safu ya pili, ikikanyaga maungio ya safu ya kwanza, na mwisho wake hufunikwa kwa tabaka ya changarawe iliyoinuka katikati ili mvua iteremke pande mbili.

Nguvu yake hutoka wapi, hali udongo ni udongo? Gurudumu linapoligandamiza gunia kutoka juu, gunia hutaka kutanuka kwa pembeni, na kitambaa chake hukataa. Hukaza, kikaubana udongo uliomo, na udongo uliobanwa pande zote huwa mgumu karibu na jiwe. Hamali hukaza masombo kiunoni kabla ya kuinua mzigo kwa hekima hiyo hiyo. Adui mkubwa wa kiroba cha plastiki ni jua, ambalo humla kwa muda wa miezi. Kikifunikwa vema chini ya changarawe hudumu miaka mingi, na kikiachwa wazi hupasuka na kumwaga vipande vyake mtoni. Kufunika, basi, ni sehemu ya kazi, na tena ni sehemu ya insafu kwa wanywao maji ya mto huo.

Wepesi wa jiwe la moto

Ipo njia nyingine ambayo Masisi imejaliwa kuliko nchi nyingi, nayo ni kuupunguza uzito wa barabara. Mwaka 1972, karibu na Oslo, wahandisi wa Norway walikuwa na barabara iliyokuwa ikizama katika udongo laini karibu na daraja, na kila walipoiinua kwa kuongeza kifusi, kifusi kiliongeza uzito na barabara ikazama zaidi. Wakaamua kuondoa kifusi na kuweka matofali makubwa ya povu la plastiki, lile ambalo hufungiwa vyombo visivunjike, ambalo uzito wake ni kama sehemu moja kwa mia ya udongo. Na barabara ikatulia.

Povu hilo halipatikani Masisi kwa bei ya kadiri, lakini milima ya moto imeleta ndugu yake. Katika vilima vidogo vya volkano vilivyotapakaa jirani ya Goma kuna changarawe nyeusi na nyekundu iliyojaa matundu kama mkate wa kumimina, kwa kuwa ilipotoka ardhini ilikuwa bado inachemka kwa gesi. Iinue mkononi na utastaajabu: macho yanaliona jiwe, na mkono haulioni. Mita moja ya ujazo ya udongo ulioloa huwa na tani 1.8 au zaidi. Mita hiyo hiyo ya changarawe ya volkano huwa tani moja au pungufu. Ukichimba mita moja ya tope na kurudisha kwa kimo hicho hicho changarawe hii juu ya jamvi, umeipunguzia ardhi iliyo chini karibu nusu ya mzigo iliokuwa ikiuchukua tangu zamani, na tofauti ile ndiyo akiba ya kumbebea dereva gari lake. Fauka ya hayo, maji hupita katika matundu yake na kutoka, hayakai.

Wakazi wa Goma wanaijua changarawe hii, nao huitandaza katika njia zao kila siku. Lakini hadi ifike Walikale itakuwa imekula mafuta ya gari kuliko thamani yake. Na huku ndiko kutumia akili: jiwe jepesi liwe la Sake na milima ya Masisi iliyo karibu, gogo na gunia viwe vya msituni.

Lipo pia shauri la kuutia udongo wenyewe nguvu kwa chokaa. Warumi wa kale walichanganya chokaa na majivu ya volkano ya Pozzuoli wakapata saruji iliyosimama hata baharini, na mababu wa pwani walichoma matumbawe wakajengea Kilwa na Gedi. Chokaa ikikorogwa na mfinyanzi huufyonza unyevu wake, huuvunja unata wake, kisha huushikanisha polepole kwa miezi. Walakini sharti udongo upimwe kwanza, kwa sababu udongo wenye mboji nyingi, na mwingi wa milima ya Masisi ni wa namna hiyo, huizuia chokaa isifanye kazi. Na chokaa iliyochomwa kwa kuni ina deni kwa msitu.

Maji na ekseli

Hapana jamvi wala gunia litakalofaa ikiwa mfereji umeziba. Maji ya mlimani yasipokatwa na mfereji wa juu, yakapitishwa chini ya njia kwa kalvati na kuachiliwa mbali, yatarudi kuilowesha ardhi ile ile, na kazi ya wiki nzima itaharibika kwa usiku mmoja. Mwenye fedha kidogo na azianze kwa mfereji. Na asiye na fedha kabisa, ila ana jembe na majirani wa salongo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, na aanze papo hapo.

Adui wa pili ni mzigo uliozidi. Majaribio makubwa yaliyofanywa Marekani, katika jimbo la Illinois, baina ya miaka 1958 na 1960 yalionyesha kuwa ekseli ikiongezwa uzito mara mbili, madhara yake kwa barabara huongezeka takriban mara 16. Mfanyabiashara ajazaye lori moja mzigo wa malori mawili ameokoa safari moja, na amewaachia wenzake barabara iliyokanyagwa mara 16. Ndiyo maana vizuizi vya mvua, ambavyo kwa desturi ya Kongo hufungwa njiani kwa saa kadhaa baada ya mvua kubwa mpaka ardhi ijikaushe, ni rehema kwa barabara, na dereva anayekishurutisha kizuizi kifunguliwe kabla ya wakati hununua haraka yake kwa dhiki ya watu wengi.

Wajibu wa barabara kuu umekabidhiwa shirika la Office des Routes, lililoundwa mwaka 1971, na hatusemi haya ili kumpunguzia mtu wajibu wake. Pako mahali ambapo mashine, lami na daraja la chuma ndizo dawa, na gunia halitafika. Lakini historia ya Walikale yenyewe inatuonya tusingoje hayo tu. Katika miaka ya 2000, huko Kilambo, kipande cha lami cha barabara kilikuwa kitu adimu katika eneo lile hata ndege ziligeuza hapo kuwa kiwanja, zikitua barabarani kuchukua kasiteriti ya Bisie na kuipeleka Goma. Utajiri ulipaa hewani, na mama mwenye beseni la ndizi alibaki chini, akitafuta pa kukanyaga. Kampuni iliyofungua mgodi wa kisasa hapo Bisie, ulioanza kutoa bati mwaka 2019, ilibidi kwanza ikate njia yake yenyewe ya zaidi ya kilomita 30 katika msitu, ndipo ifikirie kuchimba.

Kijiji hakina uwezo wa kukata kilomita 30, wala hakiombwi kufanya hivyo. Barabara ya udongo haifi yote kwa pamoja. Hufa mahali pachache panapojulikana na kila dereva kwa jina, mita 10 hapa, mita 20 pale, na mahali hapo papona, kilomita nyingi zilizo baina yake hurudi kuwa njia. Ujira ambao madereva huwalipa vijana kila msimu ili kuyalisha mashimo mawe yasiyobaki, ungekusanywa kwa amana na kuandikwa katika daftari, ungeweza kununua viroba vitupu, kukodi lori moja la changarawe ya Sake, na kumlipa fundi mmoja awaongoze. Vijana wale wale, majembe yale yale. Tofauti ni kwamba mwaka utakaofuata hawatakuwa na shimo lile la kuwapa riziki, nao wastahili kupewa badala yake ujira wa halali wa kuitunza njia na kuifukua mifereji, kwa kuwa barabara iliyotengenezwa na kuachwa hurudi matopeni kwa misimu miwili mitatu.

Kwa machifu, wakuu wa salongo, vyama vya madereva na wahandisi wa jimbo, ombi letu ni moja. Chagueni shimo moja, lile linalowatesa kuliko yote, kabla mvua kubwa hazijaanza. Fungueni maji yake, choteni tope lake, pangeni magunia yake, yafunikeni. Kisha mhesabu ni malori mangapi yamepita katika msimu mzima bila kusukumwa. Hesabu hiyo ipelekeni shimo la pili. Na kijana anayeinua jiwe sasa hivi ili alitupe katika potopoto, na aliweke chini kwanza, aende akatafute gunia la kulitandikia.